Aliacha Sukari, Uchovu Ukabaki: Kisa cha Karani wa Mtumba

Mhusika ni mama wa miaka 41, karani wa masijala katika moja ya ofisi za Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma. Anaishi Nkuhungu na mume wake, ambaye ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, pamoja na watoto watatu. Alikuja kwangu, mimi afisa lishe, na swali moja: "Daktari, sukari nimeiacha mwezi mzima. Mbona nazidi kuchoka?" (Mimi si daktari. Lakini huku kwetu kila anayekaa nyuma ya meza yenye mizani ni daktari, nimeshazoea.)

Nimemwomba ruhusa nikiandike kisa chake, na yeyote anayeweza kumtambua kwa haya machache basi alikuwa anamjua tayari. Sababu ya kukiandika ni kwamba hakikufuata njia ya kawaida. Wengi wanaoamua kuacha sukari hurudi nyuma wiki ya pili, na hapo hakuna fumbo. Huyu alikaza. Nyumbani kwake kopo la sukari lilihamishiwa mlenda mkavu, soda akaipa kisogo, na maandazi ya saa nne ofisini akawa anayatazama tu wenzake wakiyala. Na bado, saa nane mchana, kichwa kilikuwa kinamwangukia juu ya majalada kama zamani. Pengine zaidi.

Siku yake kabla hajaacha

Anaamka saa kumi alfajiri. Anawasha mkaa, anachemsha chai ya rangi yenye majani mengi na tangawizi, anawaandaa watoto, kisha anakunywa kikombe kimoja kikubwa akiwa amesimama na kukimbilia daladala. Nkuhungu iko upande mmoja wa mji na Mtumba upande mwingine kabisa, kwa hiyo ni gari mbili na foleni katikati. Saa nne mama lishe anapita ofisini na chupa ya chai na ndoo ya vitafunwa: maandazi mawili, au chapati. Saa saba ni wali maharage au ugali, na soda baridi. Jua la Dodoma la mchana linajulikana, na soda baridi wakati huo haihitaji kutangazwa. Jioni chai tena pamoja na chakula cha usiku, kulala saa tano.

Nilimpa kijiko na kopo la sukari, nikamwambia aweke kwenye kikombe kitupu kiasi anachoweka nyumbani. Aliweka vijiko vitatu, na kila kimoja kilikuwa na kilima. Mizani ikasoma gramu 19. Kwenye vitabu vyetu kijiko cha chai cha sukari ni karibu gramu 4, lakini hiyo ni ya kijiko kilichofutwa usawa wa ukingo, na sijaona nyumba ya Dodoma inayofuta kijiko. Vikombe vitatu kwa siku ni gramu 57. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 37 hivi, kutegemea aina. Jumla gramu 94, bila kuhesabu iliyomo kwenye maandazi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linapendekeza ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, na asilimia 5 ni gramu 25. Dada yetu alikuwa karibu mara mbili ya kiwango cha juu. Kwa hiyo uamuzi wake wa kupunguza ulikuwa sahihi hata kama uchovu usingekuwepo: meno, uzito, na mama yake mzazi ana kisukari. Hilo sitalijadili tena. Mjadala uko kwenye namna alivyoacha, na alichotarajia kupata.

Wiki ya kwanza na sifa zisizo za asali

Alipoacha sukari aliacha na chai yenyewe, maana kwake chai isiyo na sukari hainyweki. Siku iliyofuata kichwa kikaanza kumgonga, kikamgonga siku tatu mfululizo, na wenzake wa kwaya wakamwambia mwili unalilia sukari, avumilie tu, sumu inatoka.

Hakukuwa na sumu yoyote inayotoka. Mtu anayekunywa kila siku vikombe vitatu vikubwa vya chai iliyochemshwa mpaka ikakolea anapata kafeini ya kutosha mwili kuizoea. Ukiikata ghafla, maumivu ya kichwa huanza ndani ya saa 12 hadi 24, hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuendelea kwa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki. Pamoja nayo huja uchovu na hasira za karibu. Hiyo ndiyo picha aliyonieleza bila mimi kumwongoza.

Baada ya siku hizo akashauriwa arudie chai, lakini atie asali. Singida haiko mbali, na asali ya Singida ina jina. Kichwa kikaacha kuuma, na asali ikapata sifa iliyokuwa ya majani ya chai. Kuanzia hapo akawa anatia kijiko kikubwa cha chakula katika kila kikombe, kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa asali ni dawa.

Asali ina mambo yake mazuri, na mimi mwenyewe naila. Lakini kijiko cha chakula cha asali kina uzito wa gramu 21 hivi, na takriban gramu 17 kati ya hizo ni sukari. Vikombe vitatu: gramu 51. Soda ya mchana aliibadilisha na juisi ya pakiti ya mililita 250, yenye picha ya embe kubwa mbele na sukari ya gramu 28 nyuma, mahali ambapo maandishi yanahitaji miwani. Jumla gramu 79. Kutoka 94 hadi 79, kwa mateso yote yale! Mwongozo niliotaja unaziweka asali na juisi kundi moja na sukari ya mezani. Tunda zima halimo katika kundi hilo, na sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa haimo. Na wale wanaoniuliza kuhusu sukari ya kahawia na sukari guru: rangi ni ya molasi kidogo iliyobaki, kazi mwilini ni ileile.

Nilipomwonyesha hesabu hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe nimehama chumba, nyumba ni ileile." Sikuwa na la kuongeza.

Kifungua kinywa kilichoondoka

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mambo hayakuwa mazuri zaidi. Haielezi kwa nini yalikuwa mabaya zaidi. Jibu la hilo lilikuwa kwenye vitafunwa.

Alikuwa amesikia mahali kwamba wanga wote ni sukari, kwa hiyo maandazi na chapati vilikwenda pamoja na sukari. Mahali pake hakuweka kitu. Kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa saba mchana, saa tisa nzima, tumboni kulikuwa na chai ya asali, basi. Saa saba inapofika ana njaa ya kweli, anakula sahani ya wali iliyojaa na juisi juu yake, halafu anashangaa saa nane akisinzia.

Hapa ndipo nadhani ushauri mwingi wa kuacha sukari unapokosea kwa familia zetu. Unaichukulia sukari kama kiungo cha anasa kilichoongezwa juu ya chakula kamili. Kwa mama huyu sukari haikuwa juu ya chakula. Sukari ndiyo ilikuwa chakula cha asubuhi. Gramu 38 za vikombe viwili vya kabla ya mchana ni kilokalori zipatazo 150, na maandazi mawili yalikuwa yanaongeza nyingine. Kilikuwa kifungua kinywa kibovu, lakini kilikuwepo. Ukimwondolea mtu kitu kilichokuwa kinafanya kazi, kazi inabaki bila mfanyakazi.

Wala sitetei kwamba sukari inatia nguvu, usemi ambao bado naukuta kliniki kila wiki. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Warwick, Humboldt na Lancaster walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 31 kuhusu wanga na hisia za mtu. Hawakuona kwamba sukari inamchangamsha mtu. Walichoona ni uchovu zaidi na umakini mdogo ndani ya saa moja baada ya kuinywa au kuila. Soda ya saa saba haikuwa inamwamsha, ila ubaridi wake ulikuwa unamdanganya hivyo.

Kopo lenye mlenda

Kabla hatujafika kwenye vipimo vyake, kuna tukio la mumewe, ambalo yeye alilitaja kwa kupita tu, na mimi ndilo lililonifanya niweke kalamu chini.

Mume ana kisukari cha aina ya pili. Anatumia metformin na glibenclamide, vidonge vya kushusha sukari. Mke alipoamua, aliamua kwa ajili ya nyumba nzima, na kwa mgonjwa wa kisukari wazo hilo lilionekana ni baraka tupu. Asubuhi moja mzee alimeza vidonge vyake kama kawaida, akanywa chai isiyo na kitu, hakukuwa na chapati, akaenda karakana yake iliyo mbele ya nyumba. Yapata saa nne binti yao mkubwa, aliyekuwa likizo, akamkuta amekaa chini akitokwa jasho jembamba, mikono inatetemeka, anamwita kwa jina la shangazi yake.

Binti aliwahi kufundishwa kliniki nini cha kufanya sukari ya baba ikishuka mno. Akakimbilia jikoni, akafungua kopo la sukari, akakuta mlenda. Akafungua kabati, hakuna. Asali ilikuwa kwenye mkoba wa mama, Mtumba. Ikabidi aruke kwa jirani na kikombe. Alipata sukari, akakoroga kwenye maji, baba akanywa, na baada ya muda akarudi katika hali yake. Zahanati walipompima, sukari ya damu ilikuwa milimoli 4.4 kwa lita, imesharudi kwenye kawaida na inapanda.

Glibenclamide inaisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, umekula au hujala. Ndiyo maana dawa hiyo na asubuhi bila chakula havikai pamoja. Metformin ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu namna hiyo. Anayetumia glibenclamide, au insulini, hatakiwi kubadilisha mlo wake kwa ghafla kabla hajazungumza na anayemwandikia dawa, kwa kuwa huenda kipimo cha dawa nacho kinatakiwa kishuke. Na katika nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo, sukari haitakiwi kuisha. Inakaa mahali panapojulikana, hata mtoto apafahamu. Vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha subiri dakika 15 na upime tena; ikiwa bado iko chini, rudia. Akishapata nafuu ale chakula. Kama amepoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Alipelekwa kliniki wiki hiyohiyo na dawa ikarekebishwa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, na lilikaribia kupita bila kutajwa kwa sababu mwenye kisa alikuja kuzungumzia usingizi wa mchana.

Damu

Nilipomwambia mke avute kope ya chini, ndani palikuwa peupe. Nikamuuliza kuhusu hedhi. Nzito, alisema, inapita wiki, kwa miaka miwili sasa, ila ni mambo ya kawaida ya wanawake. Nikamuuliza chai ya jioni anakunywa saa ngapi. Pamoja na chakula, kila siku.

Vipimo vya maabara vilirudi hivi: hemoglobini, yaani kiasi cha kibeba oksijeni kwenye damu, gramu 9.8 kwa desilita, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu wa damu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 5.4, ambayo ni ya kawaida. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, asilimia 5.9. Hiyo ya mwisho ilimtia hofu, maana kuanzia 5.7 hadi 6.4 huhesabiwa kuwa hatua ya kabla ya kisukari. Lakini vipimo viwili vya sukari vilikuwa havikubaliani, na upungufu wa madini ya chuma unajulikana kuipandisha HbA1c hata kama sukari yenyewe haijapanda. Tukakubaliana na daktari wake kwamba namba hiyo isisomwe peke yake mpaka damu irudi.

Kwa hiyo uchovu aliokuwa anaupigia sukari vita kwa sehemu kubwa ulikuwa wa damu. Angeacha sukari mpaka uzeeni, usingeondoka. Daktari alimwandikia vidonge vya kuongeza damu na kumpeleka kwa wataalamu wa magonjwa ya wanawake waangalie chanzo cha hedhi nzito. Upande wangu ulikuwa mlo, na jambo la kwanza lilikuwa kuitenganisha chai na chakula. Majani ya chai yana tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma yatokayo kwenye maharage, mboga na nafaka, yasifyonzwe. Chai ikae angalau saa moja mbali na chakula, na mbali na vidonge pia.

Tulichobadilisha

Niliirudisha sukari. Lengo likawa kijiko kimoja kwa kikombe, kilichofutwa, kwa vikombe viwili. Mume alicheka aliposikia. Lakini mtu aliyekuwa anaweka vijiko vitatu vya kilima, akashushiwa nusu kijiko kila wiki moja au mbili, hafiki mahali pa kununa. Ulimi huzoea, na baadaye chai ya zamani humkinaisha. Asali ikaenda kwenye kikohozi cha watoto, juisi ya pakiti ikatoka kabisa, soda ikabaki ya sherehe.

Kazi kubwa ilikuwa asubuhi. Yeye ni mzaliwa wa Mpwapwa, amekulia uji wa uwele, akauacha alipohamia mjini kwa kuwa uji wa mjini ni sembe na sukari nyingi. Tukaurudisha: unga wa uwele, karanga zilizosagwa, maziwa yakiwepo. Ukishaepuliwa, anakoroga unga wa ubuyu, ule mweupe usiotiwa rangi wala sukari, unaouzwa soko la Majengo kwa kipimo. Ubuyu una vitamini C kwa wingi, nayo inasaidia chuma cha nafaka kufyonzwa. Ukiuchemsha pamoja na uji unaipoteza nyingi, ndiyo maana nasisitiza uingie baada ya moto. Uchachu wake pia unafanya uji usidai sukari. Watoto walikataa siku za kwanza, halafu wakazoea, isipokuwa yule wa mwisho, ambaye bado anawekewa kijiko chake na sijaona sababu ya kugombana naye. Ofisini anabeba yai la kuchemsha, au kiazi kitamu, au karanga. Zabibu zikiwa msimu anakula zabibu zenyewe, si juisi yake.

Mume anakula uji huohuo kabla ya vidonge, kiasi kilekile kila siku, na kopo la sukari limerudi jikoni likiwa na sukari. Mlenda umepata ndoo yake.

Kikwazo ambacho sikukitarajia kilikuwa mama lishe. Chai yake inatiwa sukari tangu kwenye sufuria, na ukiomba isiyo na sukari unaulizwa mbele ya watu, "Kwani una kisukari?" Dada huyu alikerwa na swali hilo kuliko alivyokerwa na njaa. Suluhisho lake ni kubeba chupa yake ndogo ya chai. Suluhisho ambalo ningelipenda zaidi ni wateja watano wa ofisi moja kukubaliana wamwombe mama lishe alete chupa mbili. Sukari kwake ni gharama, hatakataa. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini na bei ikaruka, mama lishe wengi walipunguza wenyewe bila mwongozo wa mtu, na hakuna aliyelala njaa kwa hilo. Bei iliposhuka vilima vikarudi kwenye vijiko.

Kwa familia inayotaka kujipima bila mizani, namna rahisi ni kuandika tarehe kwenye mfuko wa kilo unapofunguliwa. Kilo ikiisha kwa siku tano kwa watu watano, kila mtu amepata gramu 40 kwa siku kutoka nyumbani peke yake, kabla ya soda, keki na chai ya kazini.

Alipofikia

Baada ya miezi mitatu hemoglobini ilisoma 12.1. Sukari aliyoongeza kwa siku ilikuwa chini ya gramu 15. Uzito umepungua kilo mbili, ambazo hakuzitafuta. HbA1c ilisoma 5.6. Yeye anasema ni sukari aliyoipunguza, daktari wake anasema huenda ni damu iliyorudi, na kwa kuwa vyote viwili vilibadilika kwa wakati mmoja, kwa mgonjwa mmoja, namba hiyo haiwezi kuwaamulia. Ataipima tena baada ya miezi sita, damu ikiwa imetulia, na hapo itasomeka vizuri zaidi.

Usingizi wa saa nane umepungua, haujaisha. Mtu anayelala saa tano na kuamka saa kumi amelala saa tano tu, na hakuna uji unaoziba hilo. Ameanza kuwaachia watoto wakubwa kuwasha mkaa na kuandaa chai ya asubuhi, amepata dakika arobaini za kulala. Ameomba pia kituo cha kazi kilicho karibu na mjini. Barua iko masijala, mezani kwake mwenyewe, inasubiri namba ya jalada.